Cambridge 1871: walivyompata mama wa kulea bweni la wasichana watano wa chuo

#1 Mleta uzi

Wana jamvi, salaam.

Tukizungumzia elimu ya juu ya wanawake huwa tunataja wafadhili, majengo na vitivo. Leo naomba tumzungumzie aliyeshika funguo za nyumba. Vyuo vya kwanza vya wanawake Uingereza vilisimama au viliyumba kutegemea nani alipewa funguo hizo, na alipewa kwa masharti gani. Mimi nimefanya kazi ya umatroni miaka mingi, kwa hiyo mkasa huu naufuatilia kwa macho ya mtu wa kazi.

Januari 1870 pale Cambridge ilianza mihadhara kwa ajili ya wanawake. Mpango ulizungumzwa sebuleni kwa Millicent Garrett Fawcett, mpigania haki za wanawake, na aliyeubeba mabegani ni Henry Sidgwick, mwalimu wa falsafa. Wanawake wa mjini walihudhuria na kurudi makwao jioni. Tatizo likawa waliotoka mbali. Binti wa Liverpool au wa kijijini huko kwao angelala wapi? Hosteli hakuna, na kupanga chumba peke yake mjini kwenye vijana wa kiume kwa mamia, enzi zile, kulitosha kumharibia jina msichana hata kama hajafanya lolote.

Sidgwick akapanga nyumba namba 74, Regent Street, na kununua samani kwa fedha zake. Alikuwa na miaka 33, hana mke, na miaka miwili nyuma alikuwa ameachia nafasi yake pale Trinity, mojawapo ya vyuo vya Cambridge, kwa sababu dhamiri ilimkataza kuendelea kukiri imani ya Kanisa la Anglikana kama masharti yalivyotaka. Sasa jiulizeni: kijana kapera mwenye sifa ya kugombana na kanisa amepanga nyumba na anaita mabinti za watu waje wakae. Mzazi gani angekubali? Nyumba ile bila mama ndani yake ilikuwa bure kabisa.

Na mama mwenyewe hakuwa wa kuokota barabarani. Alitakiwa awe mtu mzima, mwenye jina safi, msomi wa kiasi cha maprofesa kumsikiliza, na juu ya yote awe tayari kwenda kukaa kwenye nyumba ya kupanga isiyojulikana kama mwakani itakuwepo. Shahada hazikutolewa kwa wanawake wakati huo, hivyo mzazi hakuwa ananunua cheti. Alikuwa anaangalia sura ya mwanamke aliyefungua mlango.

Sidgwick akamwandikia Anne Jemima Clough.

Mama huyu alizaliwa Liverpool mwaka 1820. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba, na akiwa mtoto mdogo familia ilihamia Charleston, South Carolina, wakakaa huko mpaka 1836. Kaka yake Arthur, mshairi, alipelekwa shule kubwa na kisha Oxford. Anne hakupelekwa shule yoyote, alifundishwa na mama yake nyumbani. Biashara ya baba ilipofilisika mwaka 1841 akafungua shule ndogo ili isaidie kulipa madeni. Baadaye akaendesha shule nyingine Ambleside, kwenye eneo la maziwa ya maji (Lake District), kwa miaka kumi hivi. Kaka yake alipofariki 1861 akaenda kumsaidia wifi yake kulea watoto. Kisha akaingia kwenye harakati za kuboresha elimu ya wanawake kaskazini mwa Uingereza, katika baraza ambalo rais wake wa kwanza alikuwa Josephine Butler.

Kwa hiyo mwaka 1871 waliyempata ni mwanamke wa miaka 51 asiye na cheti hata kimoja, lakini ameendesha shule mbili, anajua hesabu za nyumba, amelea watoto wa marehemu, na anafahamika na wanaharakati wa miji kadhaa. Oktoba mwaka huo akafungua mlango, wakaingia wanafunzi watano. Hicho ndicho chanzo cha Newnham College.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

#2 Kijana wa Tabora

Shikamoo mama. Uzi mzuri sana huu. Swali langu: kwa nini hawakuchukua mtu wa kanisa? Kwetu huku shule nyingi za wasichana za zamani zilianzia kwa masista na wake za wamisheni, na wazazi waliridhika.

#3 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo liliwagawa.

Sidgwick, kwa hayo niliyoyasema, alitaka nyumba isiyo ya dhehebu lolote. Hata baadaye Newnham haikujengewa kanisa ndani. Kila binti alisali anakojua. Kwa hiyo mtawa au mke wa mchungaji asingefaa, maana wazazi wa madhehebu mengine wangejitoa.

Oxford walipoanza, mwaka 1879, walifungua nyumba mbili mwaka uleule kwa sababu ya hilo hilo. Lady Margaret Hall ilikuwa ya Kianglikana, na aliyepewa kuiongoza ni Elizabeth Wordsworth, binti wa askofu wa Lincoln. Somerville ikawa haina dhehebu, ikapewa Madeleine Shaw Lefevre. Angalieni jinsi kila nyumba ilivyojitangaza kwa mtu iliyemweka mlangoni. Mzazi Mwanglikana akisikia binti wa askofu ndiye mlezi, maswali nusu yanaisha.

#4 Binti Mwanasheria

Dada, nimeishi hosteli ya chuo na mlezi aliyetufanya watoto wa darasa la tano. Tulikuwa na miaka 22 tunaomba kibali cha kwenda dukani kununua sabuni. Huyu Miss Clough naye alikuwa hivyo? Maana alitoka kufundisha watoto.

#5 Mleta uzi

Mdogo wangu, hapo umegusa penyewe, na naomba nipajibu kwa kirefu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Bi Clough alizoea watoto wa shule, na hawa watano walikuwa wanawake wazima waliopigana na familia zao mpaka wakaruhusiwa kuja. Mmoja wao alikuwa Mary Paley, kitukuu wa mwanateolojia William Paley. Wasichana wa kizazi chake walivaa nguo za mitindo ya wachoraji wa wakati ule, magauni yanayomwagika, rangi zisizo za kawaida. Wakipita mjini watu wanageuza shingo. Na Sidgwick alilalamika kwa rafiki zake kwamba mabinti wanaovutwa na harakati hizi wana kiu ya uhuru kiasi kwamba hawakubali kutawaliwa kimama.

Mtazame Bi Clough alikokuwa amesimama. Upande huu wasichana wanaona wanachungwa. Upande ule wapo wanachuo wa kiume, maprofesa na wake zao, wote wanasubiri kosa moja tu wapate la kusema. Msichana mmoja akionekana anatembea na kijana kando ya mto, lawama haitamwangukia yeye peke yake. Ingeandikwa gazetini na nyumba ingefungwa. Hakuna mwanachuo wa kiume aliyebeba mzigo wa namna hiyo. Vijana wa Cambridge walilewa, wakavunja vioo na kutozwa faini, na kesho yake chuo kiko palepale.

Ndiyo maana wanawake hata kwenye mihadhara walisindikizwa. Mwanamke mtu mzima alikaa darasani au kwenye chumba cha mwalimu akifuma sweta huku somo linaendelea, na utaratibu huo ulidumu mpaka miaka ya 1890. Sisi leo tunaona ni udhalilishaji, na kweli ulikuwa udhalilishaji. Lakini aliyekuwa akifuma pale kwenye kona alikuwa anauweka mlango wazi ili usifungwe.

Kilichomwokoa Bi Clough ni kwamba alibadilika akiwa na miaka zaidi ya 50. Alipunguza kanuni na kuongeza kukaa nao. Walikula meza moja naye. Alimfahamu kila mmoja: nani ana mama mgonjwa, nani fedha zimekatika, nani hajala vizuri tangu Jumanne. Waliofanya kazi hii wanajua kwamba mambo hayo huyapati kwenye daftari la mahudhurio. Unayapata ukiwa umesimama jikoni wakati sahani zinarudi na unaona ipi imerudi imejaa.

Na kazi ya nyumba yenyewe ilikuwa nzito. Mwaka 1872 walihama kutoka Regent Street kwenda Merton Hall, nyumba ya zamani yenye bustani, ambako wasichana walipata nafasi ya kupumua. Mwaka 1874 wakahama tena, wakaingia nyumba za Bateman Street. Mwaka 1875 wakahamia jengo lao wenyewe, Newnham Hall. Hebu hesabuni vitanda, mashuka, vyombo, makaa ya kuwasha moto, watumishi wa kutafuta upya, na mitihani iko mbele.

Desemba 1874, Mary Paley na mwenzake Amy Bulley walifanya Tripos, yaani mtihani wa mwisho wa shahada wa Cambridge, katika sayansi za maadili, ule ule wa wanaume, bila kutambuliwa rasmi. Waliufanyia sebuleni kwa Profesa Kennedy, palepale Bateman Street, na karatasi za maswali zililetwa na walimu wao waliozibeba wenyewe kutoka Senate House, jengo rasmi la chuo kikuu. Wasahihishaji wanne waligawanyika kuhusu Mary: wawili walimpa daraja la kwanza, wawili la pili. Mwaka uliofuata akawa mwalimu wa uchumi Newnham. Sasa niambieni kama mlezi wa nyumba yao alikuwa kando ya taaluma.

#6 Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia. Ila mleta uzi, haki itendeke: chuo cha kwanza cha bweni kwa wanawake kusoma masomo ya Cambridge ni Girton, kilianza 1869, kabla ya hiyo nyumba ya Regent Street. Mbona hukukianzia hicho?

#7 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na asante. Nilikiweka akiba kwa sababu ndicho kinachoonyesha upande wa pili.

Ni kweli. Oktoba 1869 Emily Davies na kamati yake walifungua chuo kwenye nyumba iitwayo Benslow House, mji wa Hitchin, nao wakaanza na wanafunzi watano. Hitchin ilichaguliwa ili wasichana wawe mbali na vijana wa Cambridge, na walimu ndio wakawa wanapanda treni kuwafuata. Mwaka 1873 walihamia jengo lao kijiji cha Girton, kilomita nne hivi nje ya mji, kwa sababu ileile.

Sasa fuateni wakuu wa nyumba. Wa kwanza, Charlotte Manning, alikubali kukaa muhula mmoja tu, akaondoka. Mwaka 1870 akaja Emily Shirreff, mwanamke msomi aliyekwishaandika kuhusu elimu ya wasichana, naye hakufikisha mwaka. Akaja Annie Austin mpaka 1872. Ndipo Emily Davies mwenyewe akalazimika kushika nafasi, akakaa mpaka 1875. Wakuu wanne katika miaka sita.

Newnham katika miaka 21, kuanzia 1871 mpaka 1892, ilikuwa na mmoja tu.

Hawa wanawake wa Hitchin walikuwa hodari. Tatizo lilikuwa madaraka. Kamati ilikaa London, Emily Davies ndiye aliyekuwa na sauti, na mkuu wa nyumba hakuwa mjumbe wa kamati. Alilala na wanafunzi chini ya paa moja, akajua shida zao zote, kisha akasubiri uamuzi utoke kwa watu ambao hawakuwepo. Mtu wa hadhi ya Shirreff hawezi kuishi hivyo, na mimi simlaumu.

Mfano mzuri ni ule mgogoro wa mwaka 1871. Wanafunzi walijifurahisha kwa kuigiza vipande vya tamthilia za Shakespeare, wakiwa wamevaa nguo za kiume kwa sehemu za wanaume. Watazamaji walikuwa wenzao wa nyumbani mle. Emily Davies akaona ni hatari kwa jina la chuo, akataka wakome. Wasichana wakajibu kwamba wao ni watu wazima na wanaweza kujiamulia. Suala la jioni moja la burudani likapanda hadi kuwa vita ya heshima, kwa sababu aliyeishi nao hakuwa na mamlaka ya kulimaliza mezani kabla chai haijapoa.

Simpingi Emily Davies. Bila ukali wake wanawake wasingefanya mitihani sawasawa na wanaume, maana alikataa katakata mitihani laini ya kike. Lakini katika kumwajiri mlezi alikosea, na Sidgwick alipatia. Sidgwick alimkabidhi Bi Clough nyumba, na akamwachia.

#8 Nesi wa Zamu

Habari mama. Mimi naomba uguse afya. Nilisikia madaktari wa zamani walisema kusoma kunaharibu kizazi cha mwanamke. Kweli?

#9 Mleta uzi

Nzuri mwanangu. Kweli kabisa. Mwaka 1874 Dkt. Henry Maudsley, daktari wa akili mwenye jina kubwa, aliandika kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kubeba masomo mazito na kazi yake ya uzazi kwa pamoja. Alijibiwa mwaka uleule na Dkt. Elizabeth Garrett Anderson, daktari mwanamke, dada yake Millicent Fawcett niliyemtaja juu.

Lakini wewe ni nesi, utaelewa jibu lingine lilitolewa wapi. Lilitolewa vyumbani. Kila msichana aliyeshikwa na homa au kupungua uzito angekuwa ushahidi wa Maudsley. Kwa hiyo chakula, hewa, moto wa chumbani, saa za kulala na matembezi ya mchana vilikuwa siasa. Kule Marekani, Vassar, chuo kilichofunguliwa 1865 kikiwa na wanafunzi 353, mlezi mkuu Hannah Lyman alisimamia kengele ya kuzima taa saa nne usiku na mazoezi ya lazima. Ukisoma juu juu unaona jela. Ukikumbuka madaktari wale wako nje wanahesabu wagonjwa, unaona anapigania chuo kisifungwe.

Mwaka 1890 Eleanor Sidgwick, mke wa yule Henry, alichapisha takwimu za afya za wanawake waliosoma Cambridge na Oxford, akiwalinganisha na dada zao ambao hawakwenda chuo. Waliosoma hawakuonekana kuwa na afya mbaya kuliko dada zao. Mwaka uohuo Philippa Fawcett wa Newnham, binti wa Millicent, akapata kwenye mtihani wa hisabati alama zilizompita mwanamume aliyeshika nafasi ya kwanza. Bi Clough alikuwa na miaka 70, bado mkuu wa chuo, na binti huyo alikuwa analala chini ya paa lake.

#10 Binti Mwanasheria

Nashukuru kwa majibu, dada. Ila bado nina neno: je, bweni na mlezi vilikuwa lazima? Hakuna waliojaribu bila?

#11 Mleta uzi

Walikuwepo, na hapa kuna kamba inayofika mpaka kwetu.

Oxford kuanzia 1879, ukiacha zile nyumba mbili, kulikuwa na wanafunzi wa kike waliokaa majumbani, kwao au kwa familia zilizokubaliwa, baadaye chini ya uangalizi wa Bertha Johnson. Hapakuwa na bweni. Kila mwenye nyumba akawa mlezi mdogo, na yeye akawa anawazungukia. Ilikuwa nafuu kwa wasio na fedha. Jumuiya hiyo ndiyo iliyokuja kuwa St Anne's College mwaka 1952.

Na ni St Anne's alikosoma historia Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, akamaliza 1954, anayetambulika kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Kabla ya hapo alipita Makerere, iliyopokea wanawake wa kwanza mwaka 1945, wakiwa sita. Kauli mbiu ya chuo ilikuwa inawahimiza wawe wanaume, ikabidi ibadilishwe iwe kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Sarah alitaka kusoma hisabati, mwalimu akakataa kufundisha wanawake. Baadaye aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Kitanzania aliyekuwa balozi wetu wa kwanza London.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba bweni lingeweza kukosekana, mlezi hapana. Bertha Johnson hakuwa na jengo, lakini alikuwepo.

#12 Kijana wa Tabora

Mama, Bi Clough aliishia wapi? Walimkumbuka?

#13 Mleta uzi

Alifariki Februari 1892 akiwa palepale chuoni, na nafasi yake ikachukuliwa na Eleanor Sidgwick. Walimjengea malango ya shaba ya kumbukumbu kwenye mlango mkuu wa Newnham. Mwaka 1921, Cambridge ilipopiga kura kuwanyima wanawake uanachama kamili wa chuo kikuu, kundi la wanachuo wa kiume lilisukuma mkokoteni likayagonga malango yale mpaka yakaharibika. Walikuwa na majengo mengi ya kuchagua, wakaenda kwenye malango yenye jina la mlezi. Wanawake walipata shahada kamili za Cambridge mwaka 1948.

#14 Mjumbe wa Bodi

Mama, naomba nirudishe mada nyumbani. Tunafungua hosteli ya wasichana wa chuo cha ualimu mwakani, vitanda 60. Bodi imeandaa tangazo la matroni: kidato cha nne, umri 25 hadi 35, mshahara wa chini kabisa kwenye orodha yetu, anaripoti kwa mhasibu. Ungebadilisha nini?

#15 Mleta uzi

Karibu sana, mjumbe. Ningebadilisha karibu yote, na kila badiliko lina sababu hapo juu.

Kwanza futa hilo la kuripoti kwa mhasibu. Aingie kwenye kikao cha bodi mambo ya hosteli yanapojadiliwa, na awe na sauti. Hitchin walimweka mkuu wa nyumba nje ya kikao, mmeona walivyopokezana.

Umri 25 hadi 35 utawanyima wale mnaowahitaji. Bi Clough angekataliwa na tangazo lenu kwa umri na kwa cheti. Ulizeni amewahi kuendesha nini: jiko la shule, wodi, kikundi cha akina mama, nyumba yenye watoto wa ndugu. Mwombeni aeleze wiki moja ya hesabu za chakula cha watu 60, mtamjua ndani ya robo saa.

Mpeni fungu dogo la fedha lisilohitaji saini tatu. Msichana akiumwa saa nane usiku, bajaji ya kwenda hospitali haiwezi kusubiri mhasibu aamke.

Kanuni za hosteli asipewe zikiwa zimekwishachapwa. Aandike pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wachache wawakilishe wenzao, na bodi ipitishe. Wale ni walimu watarajiwa, watu wazima, na kesho watalea watoto wetu.

Mshahara upandisheni. Kama fedha haipo, punguzeni vitanda muanze na 40, kuliko kuwa na 60 na mlezi anayehama kila muhula.

Likishaandikwa upya, tangazo lilete hapahapa. Mwalimu Mstaafu na Nesi wa Zamu wapo, tutalipitia mstari kwa mstari.